Kiti Kisichoungua

Kiti kilikuwa na joto, kama la mtu aliyeinuka sasa hivi. Mshona viti alikigusa tena, kisha akatazama mlango wa gereji. Hapakuwa na mtu ila mumewe, fundi, aliyekifungua kutoka kwenye gari lililogonga nguzo, likavuja petroli, likateketea na dereva wake. Upande wa dereva vilibaki vyuma vitupu. Kiti cha abiria hakikuungua hata uzi.

"Kilichosazwa na moto kina mwenyewe," mke alinong'ona.

"Mwenyewe ni wewe. Kishonee kitambaa kipya."

Alikishonea, mume akakifunga kwenye gari lao. Tangu hapo fundi akawa haishi safari, na kila akirudi ananukia marashi, na chini ya marashi, mpira ulioungua.

Asubuhi moja walipokuwa wakienda sokoni, alimwambia mkewe, "Kaa nyuma, mama watoto. Hapo mbele pana joto."

"Joto la nani?"

"Ala! Sasa wivu umefika mpaka kwa kiti?"

Akacheka. Kicheko cha pili, chembamba, kikafuata cha kwake, na mke akaona egemeo la kiti kitupu likisukumwa nyuma polepole, likamgusa magoti, likamlalia kwa uzito wa mgongo wa mwanamke aliyejistarehesha kwake, huku mkono wa mumewe ukitoka kwenye gia na kupapasa hewa.

Mganga, bibi mmoja mpole, alimsikiliza hadi mwisho. "Ni jini. Alimpenda yule dereva. Dereva alipotaka kuoa, akamchoma. Kizamishe kiti mtoni. Nitakuja kumfunga humo humo."

Lakini maji yalionekana adhabu ndogo mno. Mke alikifungua kiti, akakimwagia mafuta ya taa nyuma ya gereji, akakiwasha. Kiliwaka bila moshi.

Mganga alipofika alikuta majivu. "Nilikwambia maji."

"Nilitaka nimwone akiungua."

"Mwanangu, aliyeumbwa kwa moto ataungua vipi? Umemfungulia."

Injini iliunguruma. Gari lilikuwa likitoka getini, nyuma yake mchirizi wa petroli, na fundi ameinamia pale palipokuwa na kiti, akizungumza kwa ile sauti ya chini aliyomposea mkewe. Mke alikimbia, akang'ang'ania dirisha, akamwita mume wangu, baba watoto.

Fundi alimtazama kwa adabu anayowapa wateja asiowajua.

"Samahani, dada," akasema. "Gari limejaa."