Vifungo vya Mashati Arobaini

Kila asubuhi ya likizo, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili aliwahi kwenye karakana ya ushonaji ya shangazi yake. Mafundi walimwita Cherehani, kwa kuwa mikono yake haikutulia. Jumatatu moja alikabidhiwa kazi yake mwenyewe: kushona vifungo vya mashati arobaini ya shule.

Katika karakana hiyo, kila fundi aliandika kwa chaki, pembeni mwa meza yake, lengo lake la siku. Cherehani hakufikiria la kwake. Alichungulia meza ya jirani, mama aliyeshona vifungo kwa miaka ishirini. Mama yule aliandika mashati ishirini. Cherehani akaandika ishirini na moja.

“Mwanangu, unashona au unanikimbiza?” mama yule akamtania. “Mbio za sakafuni huishia ukingoni.”

Cherehani alicheka tu. Ili apate kasi, alipitisha uzi mara mbili kwa kila kifungo badala ya mara nne. Jumanne jioni mashati yote yalipelekwa shuleni, naye akatembea kifua mbele.

Jumatano asubuhi yakarudi. Mwalimu mkuu alikuwa amevuta vifungo viwili vikambakia kiganjani. Alisema yasipokuwa tayari Ijumaa adhuhuri, kazi ataipeleka kwingine.

Shangazi aliuliza uzi ulipita mara ngapi. Cherehani angeweza kusingizia uzi mbovu. Akainamisha kichwa.

“Mara mbili, shangazi. Nilitaka kumpita mama wa meza ya jirani.”

“Umesema kweli, nashukuru. Sasa andika lengo lako, si la jirani.”

Akaandika: mashati kumi na matano, kila kifungo nikivute mara tatu. Alitimiza siku hiyo. Alhamisi aliandika lengo lile lile. Shangazi alikwenda sokoni kununua vitambaa, na jioni mafundi wakaanza kuondoka. Kifungo cha mwisho kilicheza kidogo alipokivuta. Hakuna aliyemwona. Akakifumua, akakishona upya.

Ijumaa mashati kumi ya mwisho yalikwisha saa nne asubuhi. Mwalimu mkuu alikuja, akavuta vifungo mpaka akachoka, kisha akaagiza mashati mengine sitini.

Shangazi akamshika bega. “Mimi siwezi kusimama nyuma ya kila fundi,” alisema. “Mfanyakazi hodari hujipangia lengo lake, akajisimamia mwenyewe, hata nikiwa sokoni. Jana ulikuwa msimamizi wako mwenyewe. Endelea hivyo.”