Geti Aliloliacha Wazi Emlyn

"Nerys, niambie si wewe uliyeandika huu ujumbe!"

"Ni mimi, Lowri."

Nikakaa chini palepale kwenye tope, mkasi wa miiba mkononi. Wenzetu wa kujitolea walikuwa mbele wanafyeka vichaka na kutaniana, hawajui kwamba kazi yote ya kuidai njia yetu imeshaharibika.

Ujumbe, ambao wakili wa upande wa pili alikuwa ametuletea nakala kama ushahidi, ulikuwa wa zamani, mapenzi ya Nerys na Emlyn ndiyo yanaanza. Emlyn aliandika: "Kesho pita kwetu na farasi wako. Geti nitakuachia wazi, mpenzi." Na huyu shoga yangu, mahaba yamempanda, akajibu: "Asante kwa ruhusa, bwana mwenye geti."

Ruhusa! Neno hilo sisi wapanda farasi wa Wales hatulitamki hata kwa utani. Watu wakipita shambani kwa mtu miaka ishirini bila kuomba wala kupewa ruhusa, na bila kukatazwa, njia inakuwa ya umma. Mwenye shamba akithibitisha aliwaruhusu, basi ilikuwa hisani yake tu, na hisani anaweza kuifunga mnyororo.

Na Mzee Probert, baba yake Emlyn, mnyororo alishafunga. Tangu siku hiyo tunapita barabara kuu pamoja na malori, na huko ndiko lori lilikomuua Seren, farasi wa Nerys. Wapandaji wa zamani wamekufa au wamehama. Shahidi wa miaka yote ishirini alibaki Nerys peke yake.

"Wakili wa mzee kaupata wapi?" nikamuuliza.

"Tulikuwa nao watu wawili tu. Mimi na Emlyn." Akatoa simu yake mfukoni. "Kaniuza, Lowri. Mwanaume aliyenivisha pete!"

Akapiga simu mbele yangu, akaweka spika.

"Emlyn, ulimpa baba yako simu yako?"

Tukasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Nakuuliza wewe!"

"Aliniambia nisipompa, shamba anampa binamu yangu. Nerys, mimi nimezaliwa hapa. Tukioana tutaishi wapi?"

"Uoane na nani? Seren alikata roho kichwa chake kikiwa mapajani kwangu! Ulikuwepo, Emlyn! Ulilia kuliko mimi!"

"Nisamehe..."

"Kesho kwenye kikao cha kesi ya njia sema unachotaka. Pete yako naifunga kwenye mnyororo wa baba yako."

Akakata simu. Halafu akanikumbatia, akalia mpaka akakosa pumzi. "Sina farasi, sina njia, sina mume. Nimebaki na nini, Lowri?" Na kweli, hakuwa amebaki na kitu.

Kesho yake ukumbi wa kijiji ulifurika. Wakili akausoma ujumbe taratibu, kwa raha zake, watu wakaguna.

"Uliandika wewe?" mkaguzi, mama aliyetumwa na serikali kuamua, akamuuliza Nerys.

Nilimfinya akane. Hakukana.

"Ndiyo, mama."

"Na siku hiyo ungekuta geti limefungwa, ungefanyaje?"

"Ningeshuka nikalifungua, kama nilivyofanya tangu utotoni."

Akaitwa Emlyn. Jamani, mtu anaweza kukonda usiku mmoja! Wakili akamtabasamia.

"Ulimruhusu kupita kwa niaba ya baba yako, sivyo?"

Mzee Probert alimkazia mwanawe macho. Emlyn akamgeukia mkaguzi.

"Geti nilimwachia wazi. Lakini si kwa niaba ya baba."

"Una maana gani?" mkaguzi akauliza.

"Baba alinikataza hata kulitaja jina la Nerys. Shamba lilikuwa lake na mpaka leo ni lake. Mimi nilikuwa mkamua ng'ombe tu, ningempa mtu ruhusa gani? Nilikuwa nafungua komeo kwa kujiiba, nipate kumwona akipita."

Wakili akaacha kutabasamu. Mkaguzi akamgeukia mzee.

"Uliwahi kumtuma akawaruhusu? Au kuwaruhusu wewe mwenyewe, au kuwakataza?"

Mzee Probert na kiburi chake, kama kawaida, akaruka juu. "Mimi? Nizungumze na wale wafyeka miiba? Sijawahi kuwaambia hata neno moja maisha yangu yote!"

Wakili akafumba macho: mzee mwenyewe kakiri hakuwahi kuruhusu wala kukataza. Nilitaka kupiga vigelegele, lakini nikamwona Emlyn anavyomtazama baba yake.

"Emlyn," mzee akasema, "leo usirudi kwangu."

"Najua, baba."

Nerys hakumtazama. Alitoka na mimi, na usiku ule hakula.

Uamuzi ulipotoka, njia ikawa ya umma. Emlyn alikuwa akilala kwenye ghala la jirani tangu siku ile, akikamua ng'ombe wa watu. Kila siku alimwandikia Nerys, na kila siku Nerys alinisomea bila kujibu.

Tulienda kuukata mnyororo, pete aliyoifunga Nerys ikiwa bado inaning'inia pale. Ulipoanguka, Nerys akaiokota, akaipangusa tope. Ndipo tukamwona Emlyn ng'ambo ya geti, mfuko wa nguo begani. Geti lilikuwa wazi, lakini hakuthubutu kuvuka.

"Nerys," akasema, machozi yanamtoka, "nitapita, ukiniruhusu."

Nerys alimtazama mpaka mimi nikaanza kuomba Mungu.

"Wewe mwanaume, bado hujajifunza tu? Hapa haiombwi ruhusa." Akanyoosha mkono wenye pete. "Pita."