Povu Jeusi la Céline

Kila asubuhi huko Rubaya, kabla ya kwenda shule, Céline alimsaidia mama yake kusaga mchanga juu ya jiwe mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo. Ulikuwa mchanga uliotupwa na wachimbaji, na ndani yake mlibaki koltani kidogo, madini meusi yenye bei.

"Saga na maji," Mama Epiphanie alizoea kusema. "Vumbi yake inakula mapafu."

Walisaga wiki tatu wapate pesa ili Henri, mdogo wake Céline, apelekwe hospitali Goma. Mguu wake ulivimba hata hakuweza kukanyaga chini.

Jumatatu mama alikwenda shambani, akamwachia Céline kazi ya kuosha unga ule, mchanga utoke na koltani ibaki. Mvivu hakuwa, ila haraka zake, jamani! Karai la kuoshea lilikuwa la kuazima kwa jirani, naye hakutaka kwenda. Akatumia beseni la kufulia, lenye maji ya sabuni ya mawese. Alipokoroga, povu jeusi likapanda. Akadhani ni uchafu, akalimwaga lote mferejini. Chini ukabaki mchanga mwekundu mtupu.

Mama aliporudi na kuuliza, Céline akasema, "Papa Nzabandora alipita hapa."

Basi yule jirani, mwoshaji wa koltani wa miaka mingi, akaitwa mwizi mbele ya watu. Akaketi mlangoni pake akiangalia chini. Siku nne mvua ilinyesha, Henri akalia kwa maumivu, mama akalia naye. Céline alitamani ardhi immeze.

Ijumaa akamwendea mzee, akapiga magoti. "Papa, nilidanganya. Nilimwaga povu, koltani ikapotea."

"Povu ya sabuni gani?"

"Ya mawese."

"Humo humo njo koltani ilikuwa. Chembe ndogo zinashika mafuta, povu inazipandisha juu. Ulitupa mali, ukabakiza mchanga."

Wakakwangua kingo za mfereji, wakapata nusu kikombe. Nyingine ilikwenda na mvua. Hiyo nusu ilipouzwa, ilitosha kumfikisha Henri Goma. Daktari alisema mguu utapona, lakini kwa kuchelewa vile, atachechemea maisha yake yote.

Mama, alipoambiwa ukweli, alimwomba mzee radhi mbele ya watu walewale. Céline alishindwa kuinua uso.

"Kumwaga ilikuwa bahati mbaya, mwanangu," Papa Nzabandora alimwambia. "Ungesema Jumatatu ileile, tungekwangua yote kabla ya mvua. Kosa likisemwa mapema, huokoka kitu."

Kisha akamkabidhi karai lake la kuoshea.