Gari Jeusi la Baba Yake Wasfi

Mkokoteni wa matikiti uligonga teksi ya Wasfi, nami nasema hadi leo: heri uligonga. Vinginevyo angefuata nini mtaa wa gereji wa Hirafiyin, Kairo, penye nyundo na honi hata jina lako hulisikii? Aliyempokea alikuwa Ghada, ovaroli la buluu, mtandio wa waridi, vumbi la msasa mpaka kwenye kope.

"Fundi yuko wapi?" Wasfi akauliza.

"Unazungumza naye, bwana mkubwa. Au unamtaka mwenye masharubu?"

Basi kijana akaugua mapenzi. Teksi haikuisha mikwaruzo, na kila jioni simu ya Ghada ililia.

Ghada alitoka shule ya ufundi akaja kujifunza kwa mwenye gereji, Lamei, aliyeitwa Usta, yaani fundi bingwa. Alianza kwa kuosha magari, akapanda kwenye msasa, akafika kuziba mabonde ya bati. Bomba la kupulizia rangi tu ndilo alilokuwa hajalishika. Usta aliahidi kumpa siku mteja atakapokubali gari lake lipakwe na mwanamke. Wote walikataa, na mama yake alishasema sikukuu ikifika hajawa fundi, arudi nyumbani wakashone nguo.

Ndipo akamsikia Wasfi akimwambia Usta, "Teksi yangu usimpe Ghada."

Maskini, hakungoja la pili. Aliondoka machozi yakimlenga, akazima simu. Hata Wasfi!

Asubuhi alikuta uani Fiati kuukuu, jeusi, la marehemu baba yake Wasfi, na mwenyewe kanyong'onyea kando.

"Ulisikia nusu, binti yangu," Usta akamwambia. "Teksi ni nyeupe, na nyeupe humficha fundi mbovu. Nyeusi haimfichi mtu. Wasfi akasema nikupe hili, watu wakujue."

Ghada akachukua msasa. Siku ya kupuliza alilishika bomba kwa mara ya kwanza. Rangi ilipokauka, Usta alifumba macho akapitisha kiganja toka boneti mpaka buti, kama mwalimu wake alivyompima yeye. Hakukuta bonde wala mchirizi.

"Hongera, Usta Ghada," akasema, na wateja getini wakasikia.

Ghada akamgeukia Wasfi. "Ahsante. Nilikudhania vibaya, nisamehe."

"Nisipokusamehe nitamwoa nani? Gari hili ndilo Baba alilomchukulia Mama siku ya harusi. Sasa linamngoja bibi harusi wangu."

Ghada akajitazama kwenye mlango uliong'aa: vumbi, rangi puani, na Wasfi nyuma yake.

"Lingoje nioge kwanza," akasema.