Kidonge Kilekile, Bei Mbili

Asubuhi moja ya Januari, Verna Tollefson alikuwa jikoni akikaanga mayai. Mumewe, Lyle, alikuwa mezani akijiandaa kwenda kuendesha basi la shule. Nje theluji ilifika magotini. Verna aligeuka kuchukua chumvi, akamwona Lyle ameinama na kisu kidogo mkononi. Alikuwa anakata kidonge chake cha presha.

"Unafanya nini, Lyle?"

"Nagawana."

"Unagawana na nani?"

"Na kesho," alijibu Lyle, akacheka peke yake.

Verna hakucheka hata kidogo. Babake Lyle alianguka jikoni kwa presha, asiinuke tena. Verna alikuwepo siku ile.

"Daktari alisema kimoja kila asubuhi. Hakusema nusu."

"Daktari halipi! Desemba nilitoa dola kumi na mbili. Juzi wameniambia mia na arobaini. Kidonge kilekile, chupa ileile. Nikadhani yule binti wa dukani amekosea."

"Ukamwuliza kwa nini?"

"Nianze kuuliza bei ya dawa na watu wamejipanga nyuma yangu? Nilitoa kadi ya bima, nikalipa, nikaondoka zangu."

Huyo ndiye Lyle. Aliponunua gari lake alibishana na muuzaji wiki nzima, mpaka akaongezewa matairi. Lakini mbele ya daktari au muuza dawa alikuwa bubu. Wala hakuwa peke yake. Mji mzima ulikuwa hivyo. Watu walitoa kadi, wakalipa walichoambiwa, kisha wakaenda kulalamika nyumbani.

Jioni Verna alimfunga mumewe mkanda wa mashine ya presha. Mashine ilisoma mia moja sabini na mbili kwa mia moja na nne. Verna aliogopa. Mwezi uliofuata Lyle alitakiwa kupimwa afya ili leseni yake ya basi iendelee. Kwa presha ile, leseni asingepata. Lakini Verna hakuwa akiwaza leseni. Alikuwa akimwaza baba mkwe wake pale sakafuni.

Wakati huo jirani yao Roxie Pruitt, mtengeneza nywele, aliingia kurudisha bakuli. Alimkuta Verna ameshika tama.

"Kuna nini, mwenzangu?"

Verna alimweleza yote. Roxie akaguna.

"Mbona mimi pia ninayo presha, tena nakunywa vidonge viwili? Miezi mitatu nalipa kama dola thelathini."

"Basi bima yako ni nzuri kweli."

"Bima? Mimi sina hata bima ya mbwa!"

Verna alimtazama jirani yake. Asiye na bima analipa kidogo, mwenye bima anakata vidonge kwa kisu? Aliligeuza jambo lile huku na huku. Halikumwingia akilini.

"Nenda kamwulize Marit kule duka la dawa," alisema Roxie. "Lakini uulize, dada. Usipouliza, hakuna atakayekuambia."

Jumamosi Verna alimburuta mumewe mpaka dukani. Marit Hruska, mfamasia, aliwaketisha pembeni. Lyle alivuta kofia mpaka kwenye nyusi, kana kwamba amekuja kuomba.

"Tuanze na Januari," alisema Marit. "Bima yenu huanza upya kila mwaka. Lazima kwanza mtoe kiasi fulani mfukoni mwenu, ndipo yenyewe ianze kutoa. Desemba mlikuwa mmeshakifikisha. Sasa mmerudi mwanzo."

"Lakini bima tunailipia kila mwezi!" alisema Verna.

"Ndiyo."

"Halafu na dawa tunalipa."

"Ndiyo."

"Sasa yenyewe inafanya nini?"

"Inasubiri," alisema Marit, na mwenyewe akatabasamu. "Sasa tazameni hiki kidonge cha bluu anachokunywa Lyle. Ndani yake mna dawa mbili. Kampuni imezichanganya, ikazipa jina jipya na bei mpya. Lakini dawa hizo zinauzwa pia kila moja peke yake. Ni za zamani, na zinatengenezwa na kampuni nyingi. Zinafanya kazi ileile. Ukizinunua bila kadi, ni dola thelathini na moja kwa miezi mitatu."

"Bila kadi?" Lyle alivua kofia.

"Bila kadi. Ukitoa kadi, nakutoza bei waliyopanga watu wa bima. Usipoitoa, nakuuzia bei ya duka. Kwa dawa hizi, bei ya duka ni nafuu."

"Basi kadi niitumie kukwangulia barafu kwenye kioo cha gari!"

"Wee, itunze! Dawa nyingine nafuu yake iko kwenye kadi. Na ukivunjika mguu ndipo utaiona kazi yake. Tena jueni hili: mkilipa bila kadi, pesa hizo bima haizihesabu kwenye kile kiasi chenu. Kwa hiyo kila mara niulizeni bei zote mbili."

"Ngoja, rudia," alisema Verna. Kichwa kilikuwa kinamzunguka. Marit akarudia, na aliporudia mara ya pili Verna akaanza kuona mwanga.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza Lyle.

"Hukuniuliza. Lakini na mimi nilipaswa kukuambia, ni kweli. Nisamehe." Marit alichukua simu. "Sasa nampigia daktari wako, maana bila yeye siruhusiwi kubadilisha. Na wewe, weka kisu chini. Ukinywa nusu, presha inabaki juu, halafu unalazwa. Unajua kulazwa ni bei gani?"

Siku hiyohiyo daktari alikubali. Kuanzia hapo Lyle alikunywa vidonge viwili vizima kila asubuhi, na Verna akasimama kando mpaka avimeze.

Februari walikwenda hospitali ili Lyle apimwe. Presha ilikuwa mia moja ishirini na sita kwa themanini. Daktari aliisaini karatasi ya leseni. Verna alimshika mumewe mkono na machozi yakamlengalenga.

"Na hilo goti lako linalovimba," alisema daktari, "nitakuandikia lipigwe picha hapa hospitali."

Masikio ya Lyle yaligeuka mekundu. Kisha akakohoa.

"Bei gani?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Kusema kweli, sijui."

"Nani anajua?"

Daktari alitoka. Alikawia sana. Aliporudi alikuwa anajikuna kichwa.

"Hapa ni dola elfu moja na mia nane. Kituo kile cha ng'ambo ya barabara ni mia nne. Picha ileile, mashine ya aina ileile. Mimi hata sielewi."

Lyle alivaa kofia yake.

"Karibu, daktari," alisema. "Na sisi tumeanza kuelewa juzi tu."