Vidole vya Ridha Mfumaji

Ridha ni mfumaji wa hariri mjini Mahdia. Karakana yake ni chumba kimoja chini ya nyumba yake. Humo hufuma vitambaa vya maharusi, kama alivyofanya baba yake. Kila asubuhi mkewe, Mongia, alimletea chai. Ridha aliitia sukari vijiko vinne. Kisha aliwasha sigara huku dirisha limefungwa, upepo wa bahari usije ukatia vumbi kwenye nyuzi.

Majira ya baridi yalipoingia, vidole vyake vilianza kukakamaa. Akiamka, havikunjiki. Vifundo vya mikono yote miwili vilivimba. Mpaka saa nne asubuhi ndipo mikono ilipolegea.

"Ni baridi hiyo," alisema mama yake, Bibi Khadouja. "Na jicho la watu. Wanaionea wivu kazi yako." Akapasha moto mafuta ya zeituni na kumkanda.

"Mama, ni jicho gani linalopiga vidole, likaliacha tumbo kubwa hivi?" aliuliza Mongia.

Wote walicheka. Lakini mafuta yalipopoa, maumivu yalirudi.

Kitambaa cha wiki moja sasa kilichukua wiki tatu. Mama wa bi harusi mmoja alichoka kungoja, akapeleka kazi yake kwa mfumaji mwingine. Siku hiyo Ridha hakula.

"Nimefuma tangu nina miaka kumi na minne," alimwambia mkewe. "Nikiacha, mimi ni nani?"

Mongia aliinuka. Alivaa shali yake, akavuka barabara kwenda kwa jirani yao Saloua, muuguzi wa kliniki. Saloua alikuja, akavishika vidole vya Ridha kimoja kimoja.

"Kaka Ridha, hili si la kuachia mafuta. Kesho twende kliniki."

Daktari alimpima damu na kumpiga picha ya mikono. Akamwambia ana ugonjwa wa viungo, ule ambao kinga ya mwili hukosea njia na kuvishambulia viungo vyenyewe. Akampa dawa. "Umewahi," alisema. "Mifupa bado haijaharibika."

Jioni Saloua alipita nyumbani kwao.

"Kwa hiyo ni baridi?" aliuliza Bibi Khadouja.

"Hapana, Mama. Baridi humfanya mtu asikie maumivu zaidi, lakini siyo iliyoleta ugonjwa. Madaktari wenyewe hawajajua chanzo chote. Wengine hurithi udhaifu huo katika ukoo. Ila kuna kitu wanachokijua vizuri." Saloua akasukuma kisahani cha majivu. "Moshi. Mvuta sigara huupata ugonjwa huu kwa urahisi zaidi. Na akishaupata, dawa hufanya kazi kwa shida."

"Baba yangu alivuta miaka hamsini," alisema Ridha.

"Na vidole vyake?"

Ridha aliitazama mikono yake. Mama yake ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo.

"Vilipinda. Miaka yake ya mwisho nilimlisha kwa mkono wangu."

Kisha Mongia akauliza, "Na chakula je?"

"Nisikudanganye, dada. Chakula hakiuponyi ugonjwa huu, na dawa asiiache. Lakini wapo wanaopata nafuu wakila samaki wenye mafuta, mboga, dengu na mafuta ya zeituni. Sukari na soda apunguze. Uzito ukishuka, magoti nayo yatashukuru."

"Samaki kama sadini?"

"Sadini hasa."

"Umesikia?" Mongia alimgeukia mumewe. "Bandari iko hapo, sadini tele, na wewe kila siku soseji, soseji!"

"Na kumkanda?" aliuliza Bibi Khadouja. "Nako nimekosea?"

"Mkande tu, Mama, taratibu. Hakuna ubaya. Ila mafuta yasichukue nafasi ya dawa."

Ridha alianza vizuri. Alikula sadini wa kuchoma na saladi. Alifungua dirisha, akatundika pazia jepesi la kuzuia vumbi. Lakini sigara alizificha nyuma ya mabunda ya hariri.

Siku moja mteja alikuja kuchukua kitambaa. Akakinusa, akakunja uso.

"Ridha, binti yangu anaolewa. Hapelekwi mkahawani kwa wavuta sigara!"

Mongia alicheka mpaka akakaa chini. Ridha alitaka ardhi immeze. Alikianika kitambaa kile kwenye upepo siku mbili. Kisha akaenda kliniki mwenyewe, akaomba msaada wa kuacha sigara. Haikuwa rahisi. Wiki za kwanza alikuwa mkali kama pilipili, na mama yake alimkimbia akakaa jikoni.

Miezi minne ikapita. Sasa vidole hukakamaa kwa nusu saa tu. Kitambaa humalizika kwa siku tisa. Zipo siku za maumivu bado, na kila mwezi hupimwa damu. Lakini anafuma, na mara nyingine anaimba.

Juzi mfumaji mwenzake, Hedi, alisimama mlangoni na sigara mdomoni.

"Ridha, vidole vyangu asubuhi havikunjiki. Mama yako ana mafuta gani?"

"Zima hiyo kwanza," alisema Ridha. Akaviangalia vifundo vya Hedi vilivyovimba. Akaacha kazi yake, akamshika mwenzake mkono, wakavuka barabara pamoja kwenda kwa Saloua.