Beseni la Mjane wa Mshairi

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Bendera alipokuwa akiwaeleza watalii ishirini na wawili kwa nini farasi wa sanamu ya mwasisi wa mji ana miguu mitatu.

"Shaba ilimwishia fundi," alimalizia haraka, akageuka pembeni. "Nani?"

"Saa ya mnara imesimama," ilisema sauti.

"Imesimama tangu mwaka juzi. Sema kama watu."

Ikasikika pumzi ndefu.

"Mama, hiyo ni ishara ya siri. Ulitakiwa ujibu, 'Nitaitafutia fundi.'"

"Haya, nitaitafutia fundi. Kimeibwa nini?"

Aliyekuwa akipumua ni Mkuu wa Idara. Bendera ndiye aliyemfundisha kushika bastola, na siku ya kwanza kijana aliua kiatu chake mwenyewe. Sasa kijana alikuwa na ofisi yenye kiyoyozi. Bendera alikuwa na goti.

Kwa miaka kumi na mmoja jasusi huyu alikuwa amejificha ndani ya koti la kampuni ya utalii, mkononi kibendera cha manjano, mguuni viatu vya Bata vyenye soli nene ya mpira. Kazi ya kujifanya ilikuwa imemchosha kuliko kazi yenyewe. Majambazi angalau hawaulizi choo kiko wapi.

"Muhuri wa dhahabu wa mwasisi," alisema Mkuu. "Uliomo kabatini pale makumbusho ni wa bandia. Wa kweli anao mtu wa magendo, amejichanganya na watalii. Meli yake inang'oa nanga saa sita mchana."

"Leo mji una watalii elfu mbili."

"Ndiyo maana nimekupigia wewe."

"Amekamatwa nani?"

Mkuu akakohoa. Bendera alikijua kikohozi kile. Hakikuwa cha mafua.

"Mlinzi wa zamu. Mdogo wako, Mama. Funguo alikuwa nazo yeye. Saa saba anapandishwa kizimbani. Meli ikiondoka na muhuri, sina cha kumtetea."

Bendera aliitazama saa yake ya Casio. Saa tatu na nusu.

Kazi ile ya ulinzi Bendera ndiye aliyemtafutia. Mdogo wake ni mtu anayeuomba radhi mlango akijigonga nao. Aibe muhuri? Angemwandikia barua mwenye muhuri kwanza.

"Vifaa unavyo?" aliuliza Mkuu.

"Miwani ya kamera inapiga picha kope zangu. Kijiti cha bendera, kile cha kupiga shoti, kina chaji ya mwisho, na chaja yake mliichukua mkaifanyie matengenezo Januari."

"Bado iko kwa mafundi."

"Wasalimie."

Akakata.

Aliinua kibendera na kuwaongoza watu wake ndani ya mji mkongwe, jicho moja kwa watalii wake, jingine kwa watalii wa wenzake. Akawapitisha kwenye jumba la posta. Akawaonyesha baraza alipozaliwa mwanamasumbwi mashuhuri, aliyeogopa paka. Mikoba elfu, kofia elfu. Yeyote angeweza kuwa ndiye. Goti likaanza kulalamika.

Saa nne na dakika tano wakafika kwenye nyumba ya mshairi.

Hapa, msomaji, tusimame kidogo.

Kijitabu cha wageni, kile kinachogawiwa bure kwenye kibanda cha habari, kinasema hivi: "Nyumba ya Mshairi, saa nne hadi saa sita, wageni wanakaribishwa." Mshairi mwenyewe amekufa zamani. Aliyebaki ni mjane wake, na mjane hupata usingizi asubuhi tu, kuanzia saa nne, kitanda chake kikiwa chini ya dirisha la ghorofani. Mbele ya dirisha, beseni. Ndani ya beseni, maji aliyooshea vyombo.

Kila kiongozi wa watalii analijua beseni lile. Anafundishwa wiki ya kwanza, na asiyefundishwa hufundishwa na beseni. Wote hupita upande wa pili wa barabara wakinong'ona kama waliofiwa.

Bendera alivusha watu wake, kidole mdomoni.

Ndipo akaliona kundi jingine. Watalii sita, wamesimama chini kabisa ya dirisha. Mbele yao mwanamume mwenye kofia nyeupe, beji kifuani, kibendera chekundu mkononi, spika ya kubeba begani. Alikuwa anasoma kijitabu kwa sauti ya mnadani.

"Hapa ndipo mshairi wetu mkubwa alipo—"

Dirisha likafunguka.

Hakumaliza.

"Mshairi amelala!" alifoka mjane. "Na mimi nimelala! Mna nini nyie?"

Kofia Nyeupe alilowa hadi soksi. Ganda la yai lilimkaa begani kama cheo cha jeshi.

Bendera hakucheka. Alikuwa anatazama mikono ya yule mtu. Mtu akimwagiwa maji hujifuta uso. Huyu aliifuta spika. Akaikumbatia, akaigeuza, akaikagua pembe zote nne, povu likimtiririka puani.

Tena, kiongozi mwenye spika alikuwa anapiga kelele kwa koo lake mwenyewe. Kwa nini asiiwashe?

Labda ndani hamkuwa na nafasi ya sauti.

Macho yao yakakutana.

Kofia Nyeupe akatimka.

"Nimempata," Bendera alisema kwenye simu.

"Anaonekanaje?"

"Amelowa."

"Mfukuze, Mama!"

"Nimfukuze na goti la nani?"

Alimwona yule mtu akifungua ramani ya kijitabu huku anakimbia, kisha akikata kona ya kushoto. Bendera akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kushoto kuna Ngazi za Mabaharia, zinazoteremka bandarini. Ramani inaziita njia ya mkato. Ziliwahi kuwa. Miaka sita sasa zimezibwa kwa ukuta kule chini. Bendera alikuwa ameandikia kibanda cha habari barua tatu, na binti wa kibanda alijibu zote: tutarekebisha toleo lijalo.

Leo aliushukuru uvivu wao.

"Leta watu Ngazi za Mabaharia. Msikimbie, mtaumia bure."

Akawageukia watalii wake. "Ndugu wageni, tunaongeza kivutio kimoja."

Walipofika juu ya ngazi, mambo yalikuwa mazuri kuliko alivyotarajia. Katika haraka yake, Kofia Nyeupe alikuwa amesahau kukitupa kibendera chekundu. Alikimbia nacho kimeinuliwa juu. Na watalii wake sita, waliokuwa wameambiwa asubuhi wasikipoteze kibendera hata mji ukiwaka moto, walikuwa wamemkimbilia nyuma. Sasa wamejaa kwenye ngazi, wanahema, wanaupiga ukuta picha.

Kofia Nyeupe alikuwa ameubana mgongo ukutani. Alipomwona Bendera, akachomoa bastola ya Beretta.

"Rudi nyuma, bibi!"

Watalii wakapiga makofi. Walidhani ni maigizo.

Bendera aliteremka ngazi moja. Akapumzika. Akateremka nyingine.

"Mwanangu, mimi ngazi huteremka mara moja tu kwa siku. Usinirudishe."

"Nitapiga!"

Goti lilimuuma. Alimfikiria mdogo wake kwenye benchi la mahabusu, akimwomba radhi askari kwa kumchukulia nafasi. Akateremka nyingine. Akaendelea hadi zikabaki tatu. Bastola ilikuwa inamtazama kifuani, na kidole cha yule mtu kilianza kukaza.

"Kiongozi," akasema mtalii mmoja aliyesimama karibu na Kofia Nyeupe, akimvuta mkono wa shati. "Samahani. Choo kiko wapi?"

Kofia Nyeupe akageuza kichwa.

Sekunde moja.

Kijiti cha bendera kilimgusa shingoni. Chaji ilikuwa kidogo, lakini mtu aliyelowa hahitaji nyingi. Alitetemeka, bastola ikaanguka, naye akaifuata.

Bendera aliisukuma Beretta pembeni kwa kiatu. Akafungua skrubu za spika kwa kucha. Muhuri ulikuwa ndani, mzito kama ngumi, umefungwa soksi.

Soksi ilikuwa kavu.

Mkuu alifika na watu wanne, wote wakihema. Bendera alimkabidhi muhuri, akanyoosha kiganja. Mkuu akaelewa, akapiga simu mahabusu kijana aachiwe, kisha akampa simu yake.

"Dada?" Sauti ya mdogo wake ilikuwa ndogo. "Wamenitoa. Samahani kwa usumbufu."

"Funguo alizipataje?"

"Aliniomba choo cha wafanyakazi. Mtu mstaarabu, ana beji. Nilimwachia funguo mlangoni, nikaona aibu kumsimamia."

Bendera alifumba macho.

"Nenda nyumbani ulale. Mtu akikuomba choo tena, mwambie ni mbovu."

Alirudisha simu. Mkuu alitaka kusema jambo la kiofisi, labda kuhusu nishani.

"Chaja," Bendera alimwahi. "Nishani haichaji."

Akapanda ngazi polepole, kibendera cha manjano juu. Nyuma yake watalii walijipanga. Alihesabu kwa mazoea tu. Ishirini na wanane. Wale sita walikuwa wamekipata kibendera kingine.

Kwenye kona, mmoja wao alionyesha mnara.

"Ile saa inafanya kazi?"

"Imesimama," alisema Bendera bila kugeuka. "Lakini nimeitafutia fundi."